Baridi ya Julai na daftari la getini

Jumapili, usiku

Baridi ya mwaka huu imeingia mifupani. Chai inapoa kabla sijafika nusu kikombe. Tangu Alhamisi mwili unadai mvuke, na moyo unadai zaidi ya mvuke: kukaa saa moja kati ya wanaume wanaopenda wanaume, pasipo kukaza sauti wala kutunga habari za mchumba. Rafiki yangu wa Ruaka ananiandikia kila jioni, "Umeamua?"

Ziko sauna mbili. Moja imo ndani ya hoteli upande wa Kilimani, hapa Nairobi. Si yetu, ni ya kila mtu, ila jioni za katikati ya wiki sisi tunaojuana hutambuana kwa macho na kuongea kwa sauti ya chini. Mbao safi, mawe yanashika moto vizuri. Tatizo ni getini. Soja ana daftari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Ukilipa kwa M-Pesa jina lako linawatokea, kwa hiyo mimi hubeba pesa mkononi, lakini daftari halikwepeki. Siku moja niliandika jina la marehemu babu yangu. Nilirudi nyumbani na matatu huku nimeinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye niliyemwacha pale getini.

Ya pili ni nyumba ya mtu, huingii bila mwaliko. Hakuna daftari, hakuna anayekuona ukiingia, na hapo ndipo ninapoogopa, maana hakuna pia anayejua kwamba umo ndani. Mwaka juzi mtu wangu wa karibu alialikwa mahali kama hapo na kijana waliyezoeana mtandaoni kwa siku nne. Akawakuta watatu wakimngoja. Walimvua nguo, wakampiga picha, wakamlazimisha kuwatumia akiba yake yote. Hakwenda polisi. Angeanzaje kueleza alifuata nini kule, ilhali Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja miaka 14 jela kwa mwanamume anayelala na mwanamume? Mpaka leo simu ikiita kutoka namba asiyoijua, mikono inamtetemeka.

Mwaka jana kazi ilinipeleka London wiki mbili, na huko nako nilichagua kati ya sauna mbili, zote za watu kama sisi: Sweatbox ya Soho, au Pleasuredrome iliyo chini ya matao ya reli karibu na stesheni ya Waterloo, inayofunguliwa saa 24. Nilipima bei. Nikapima umbali kutoka chumbani kwangu. Sikuwa na kingine cha kupima, na jambo hilo lilinikalisha kitandani muda mrefu, viatu mkononi.

Nilienda Waterloo kwa kuwa usingizi ulinikataa na saa tisa usiku palikuwa wazi. Kijana wa mapokezi akanipa taulo na ufunguo wa kabati, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Basi. Mimi nikabaki nimesimama, nangoja swali. Ndani nilikaa karibu na mzee wa miaka kama sabini aliyefumba macho, ametulia kabisa, kama mtu aliye barazani kwake. Nilimtazama nikajiuliza kama nimewahi kumwona mzee wetu yeyote ametulia vile. Machozi yakanitoka, mvuke ukanisitiri. Alfajiri treni za kwanza zikaanza kunguruma juu yetu. Sikumgusa mtu usiku ule, na sikujutia hata dakika.

Waingereza walianza kuilegeza sheria yao mwaka 1967. Ile waliyotuachia sisi ingali hai. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa. Siku hiyo nilikuwa nje ya mahakama pale Milimani, nimevaa shati la kazi nionekane mpita njia.

Nimefikiria sana daftari lile. Linaandika wanaokuja kuogelea, wanaokuja mikutanoni, wanaokuja kula. Mwanamume aliyeandikwa humo ni mgeni wa hoteli, hakuna zaidi. Tena likitokea la kutokea, nitajulikana niliingia saa ngapi.

Nimemjibu wa Ruaka: Kilimani, Jumatano. Atangulie yeye saa kumi na mbili jioni, mimi nifuate nusu saa baadaye. Ameniuliza safari hii nitaandika jina la nani.

Langu, nimemwambia.