Nyumba kwa nyumba Leicester East, 4 Julai 2024

Karatasi ya siku ya kura ina safu chache tu: namba ya mpiga kura katika daftari, jina, anwani, na herufi moja inayoonyesha alijibu nini alipobishiwa hodi wiki zilizotangulia. Alhamisi ya tarehe 4 Julai 2024, siku ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, nilikabidhiwa karatasi hizo za mitaa kadhaa ya Rushey Mead na Belgrave, katika jimbo la uchaguzi la Leicester East, mjini Leicester, England, nikiwa mmoja wa waliojitolea kukisaidia chama kimoja. Chama chenyewe sikitaji, kwani kazi hii hufanywa kwa namna ile ile na vyama vyote vya Uingereza, na ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko kura za maoni jinsi mtu wa kawaida anavyofikia uamuzi, au anavyobaki nyumbani.

Herufi ile haipimi mapenzi. Moja ni ya mtu wetu, nyingine ya mtu wa wapinzani, nyingine ya asiyeamua, nyingine ya asiyepiga kura kabisa. Anayesema hajaamua, mara nyingi ameshaamua ila hataki kukwambia. Ndiyo maana msaidizi mzoefu haanzi kwa kuuliza utampa nani. Huuliza mara ya mwisho ulikipa chama gani, kisha ni chama gani ambacho hutakipa kamwe. Swali hili la pili ndilo lenye mavuno. Katika mfumo wa Uingereza mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake hutwaa kiti hata kama hajafika nusu, kwa hiyo watu wengi hupiga kura ya kumzuia mtu, si ya kumtaka mtu. Anayependa chama cha Greens atampa mgombea wa Labour ili wa Conservative asipite. Kwingineko mtu wa Labour atawapa Liberal Democrats kwa sababu hiyo hiyo. Lakini hesabu hiyo inamtaka mpiga kura ajue ni nani wa pili katika jimbo lake, na hilo wengi hawalijui mpaka waambiwe mlangoni au wasome kipeperushi, ambacho kila chama huchora grafu yake kinavyopenda.

Siku yenyewe ya kura hakuna kushawishi tena. Kazi ni kuwatoa nyumbani wale wenye herufi yako. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Nje ya kituo hukaa mtu aliyevaa utepe wa rangi ya chama, akiwaomba wanaoingia na kutoka namba zao za daftari. Hawalazimiki kumpa, naye haruhusiwi kuwauliza wamempigia nani. Namba hizo hupelekwa kwenye nyumba iliyogeuzwa ofisi kwa siku hiyo na kukatwa kwenye orodha, na majina yaliyobaki ndiyo yanayokwenda kugongewa. Utaratibu huu huharibika kwa jambo dogo sana. Mkaa mlangoni akikosekana kwa saa mbili, orodha inachelewa, na mchana mzima mnawagongea watu waliokwisha kupiga kura asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hao hukasirika, na wana haki.

Belgrave na Rushey Mead zimejaa familia za Kihindi zilizotoka Uganda, Kenya na Tanzania. Katika mlango mmoja mama mzee aliisikia lafudhi yangu akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi.

"Tanga, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi wa Mwanza, mume wangu alikuwa wa Kisumu. Ingia kidogo."

Karatasi yangu ilimwonyesha kuwa hajaamua. Alichonieleza hakiwezi kuandikwa kwa herufi moja. Mumewe hakuwahi kuipa Labour kura, kwa sababu mwaka 1968 ni serikali ya Labour iliyopitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie. Jirani yake wa Kampala aliipa Conservative maisha yake yote kwa shukrani, kwani serikali ya Edward Heath ndiyo iliyowapokea maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, mwaka ule ule ambao halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije Leicester. Yeye mwenyewe aliipa Labour miaka yote, kwa sababu Keith Vaz, mbunge wa Labour wa jimbo hili kuanzia 1987 hadi 2019, alikuwa akishughulikia makaratasi ya uhamiaji ya ndugu zake. Katika nyumba moja na ya jirani, hukumu tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye ilani ya chama.

Sasa Vaz alikuwa anagombea kwa chama kidogo kiitwacho One Leicester. Claudia Webbe, aliyeingia kwa tiketi ya Labour mwaka 2019 na kufukuzwa chamani 2021, alikuwa mgombea binafsi. Labour ilimleta Rajesh Agrawal, aliyekuwa mmoja wa manaibu meya wa London. Conservative ilimsimamisha Shivani Raja, mzaliwa wa Leicester. "Wangu wamegawanyika," alisema yule mama, "nimpe nani sasa?" Nilimwambia kituo chake kiko wapi na kinafungwa saa ngapi.

Halafu kuna waliotaka kwenda lakini hawakuweza, na hawa ndio walioniuma zaidi. Huo ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ambao mpiga kura wa England alitakiwa aonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, leseni ya udereva inakubaliwa, kadi ya basi ya wazee inakubaliwa. Kadi ya mwanafunzi haikubaliwi. Kitambulisho kilichokwisha muda kinafaa, mradi sura bado inafanana. Asiye na chochote angeweza kuomba cheti cha bure cha mpiga kura, lakini mwisho wa kuomba ulikuwa saa kumi na moja jioni ya tarehe 26 Juni. Kumgongea mtu wa namna hiyo tarehe 4 Julai ni kumkumbusha tu kwamba amechelewa. Kadi ya kuitwa kituoni, ile inayotumwa kwa posta, si kitambulisho, na si lazima uende nayo. Hata hivyo nilikuta watu waliobaki nyumbani kwa sababu wameipoteza.

Uraia nao una mitego yake. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge hata kama hana uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Wengi hawalijui hilo, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa 18 Juni. Upande wa pili, Leicester ina watu wengi wenye asili ya Daman na Diu, makoloni ya zamani ya Ureno nchini India, wanaotumia pasipoti za Ureno. Hao walizoea kupiga kura za halmashauri, kwa hiyo walijiona wamo. Kwa ubunge hawamo. Raia wa Ulaya wanaoruhusiwa ni wa Ireland, Malta na Cyprus tu.

Kura za posta zina balaa lake. Karatasi ya kura inaingia bahasha A, kisha A na tamko lenye sahihi na tarehe ya kuzaliwa vinaingia bahasha B. Kosa la kawaida ni kuandika tarehe ya siku hiyo mahali pa tarehe ya kuzaliwa, au kuweka sahihi isiyofanana na ile iliyo kwenye kumbukumbu, na kura hiyo haihesabiwi. Aliyechelewa kuituma anaweza kuikabidhi kituoni kabla ya saa nne usiku na kujaza fomu. Anaweza kubeba yake na za watu wengine watano, si zaidi. Ukiitumbukiza tu kwenye sanduku la barua la halmashauri siku hiyo, inakataliwa. Msaidizi wa chama haruhusiwi kabisa kuigusa bahasha ya mtu asiye wa familia yake wala asiye mtu anayemtunza mara kwa mara. Nilisimama mbele ya mzee asiyeweza kutembea, bahasha yake iko mezani imefungwa vizuri, nami sikuwa na ruhusa ya kuichukua. Tulimpigia simu mkwewe.

Wasiotaka kupiga kura hawakuwa wavivu. Mmoja alinieleza, bila hasira, kwamba kwake Labour ilishinda tangu kabla hajazaliwa, kwa hiyo kura yake haikuwahi kuamua kitu. Mwingine alikuwa ameishi anwani nne ndani ya miaka michache na daftari halikumfuata. Wengine walisema wanaona vyama vyote ni vile vile. Nchi nzima, takriban asilimia 60 tu ya waliojiandikisha walipiga kura, kiwango cha chini kabisa tangu 2001. Labour ilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Chama cha Reform UK kilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats, wenye kura chache kuliko Reform, walipata 72 kwa sababu kura zao zilikusanyika mahali panapofaa. Huko Hendon, kaskazini ya London, kiti kiliamuliwa kwa kura 15.

Kwetu jua lilizama karibu saa tatu na nusu usiku, nasi tuliendelea kugonga. Aliyefika kwenye foleni kabla ya saa nne kamili anaruhusiwa kupiga kura hata ikipita, kwa hiyo dakika kumi za mwisho bado zina thamani.

Shivani Raja alipata kura 14,526. Agrawal alipata 10,100, Webbe 5,532, Vaz 3,681. Jumlisha hao watatu utapata 19,313. Kiti ambacho Labour ilikishikilia tangu 1987 kilikwenda kwa Conservative, na ndicho kiti pekee ambacho chama hicho kiliinyang'anya Labour usiku ule, huku kikipoteza mamia ya viti vyake kwingineko. Waliofuatilia halmashauri hawakushangaa sana: mwaka 2023 Conservative walikuwa tayari wameshinda viti 17 vya udiwani mjini Leicester, baada ya Labour kuwatema madiwani wake wengi.

Baada ya uchaguzi vyama huruhusiwa kununua nakala ya daftari lililowekwa alama, linaloonyesha nani alipiga kura, bila kuonyesha alimpa nani. Majina hayo huingizwa kwenye kompyuta, na orodha za uchaguzi unaofuata hutengenezwa kutokana nayo. Mwenye alama atagongewa mlango tena. Asiye na alama, hasa akikosa mara mbili mfululizo, huondolewa kwenye karatasi ili msaidizi asipoteze muda, na kuanzia hapo hakuna chama kinachobisha hodi kwake.