Diwani alipoharisha

Diwani ni paka wetu. Cheo alipewa na kaka yangu kwa sababu huonekana nyumbani wakati wa kula tu. Kazi yake ni panya wa stoo ya mahindi, na hapa Uyole, Mbeya, panya hawana likizo.

Mwezi wa saba, baridi ile ya kuvaa sweta mbili na bado mdomo unatoa moshi, akaanza kutapika. Usiku akahamia kuharisha, nyuma ya magunia, mahali ambapo ufagio haufiki. Nyumbani tuko wanne: mama, kaka, mimi, na wifi ambaye alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Mama akaanza: “Manyoya hayo! Yatamwingia mtoto.” Basi tukafagia manyoya. Vitanda, viti, hadi mapazia tuliyakung'uta.

Kinyesi nikajitwalia mimi. Niliingia stoo, nikafunga mlango kuzuia baridi, nikamimina jiki bila kuichanganya na maji, juu ya mkojo na uchafu wote. Haikupita dakika macho yakawaka na kifua kikabana, nikatoka nje nakohoa kama mzee wa tumbaku. Mkojo wa paka una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa hewa ya sumu. Ilitakiwa nizoe kwanza, nioshe kwa maji na sabuni, mlango wazi.

Asubuhi nikampigia daktari wa mifugo anayetuchanjia kuku. Nilidhani ataanza na dawa. Akauliza: “Ameuma mtu? Amebadilika tabia, anatoka udenda?” Alikuwa anafikiria kichaa cha mbwa. Nikamwambia hapana, ila alinikwaruza nilipombeba. Akanitaka nioshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha niende zahanati. Dakika 15 kwenye bomba la Mbeya mwezi wa saba, vidole vinakufa ganzi, lakini nilizimaliza. Nikamuuliza pia kuhusu ushauri wa jirani, kumpa Diwani nusu ya Panadol. Akapiga kelele hadi simu nikaiweka mbali na sikio. Panadol ni sumu kwa paka, hata kidogo tu.

Halafu: “Kuna mjamzito hapo?”

Hapo ndipo niliposikia toksoplasmosisi, ugonjwa unaoletwa na vimelea. Paka huipata kwa kula panya au nyama mbichi. Akiambukizwa mara ya kwanza hutoa vijiyai kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3. Vikitoka tu haviambukizi. Vinahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa, ndiyo maana choo cha paka kisilale. Jiki haiviui, maji yanayochemka ndiyo huviua. Mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Manyoya hayamo kabisa kwenye habari hii. Na hakusema Diwani anao. Kuharisha kuna sababu nyingi. Alichotaka kujua ni siku zote huwa anajisaidia wapi.

Nikanyamaza. Diwani hujisaidia kwenye tuta la mchicha. Udongo laini, unafukulika vizuri, na vijiyai kwenye udongo wenye unyevu huweza kukaa zaidi ya mwaka. Tuta hilo ni la wifi. Kila jioni analipalilia kwa mikono mitupu, anachuma, na mara nyingine anamenya karoti palepale na kuitafuna. Sisi tulikuwa tunakung'uta mapazia.

Siku hiyo wifi alinyang'anywa tuta. Kliniki alimweleza nesi kila kitu, naye akaongeza na mishkaki isiyoiva, jambo lililomuuma wifi kuliko paka. Mimi nikaenda kwa fundi seremala kuomba maranda, akanipa kiroba kizima bure akicheka. Nikayamwaga kwenye beseni kuukuu. Kila siku navaa glavu, nazoa, natumbukiza shimo la choo, beseni nalimwagia maji yanayochemka, mikono sabuni.

Diwani alichomwa sindano, siku ya tatu akanywa maziwa. Siku ya nne alilinusa beseni la maranda, akalizunguka, akatoka kwenda kwenye mchicha. Kaka, ambaye sasa ndiye mpaliliaji, alikuwa huko na glavu zake, amenuna. Jioni ile alikwenda kukata matawi ya miiba akalifunika tuta lote.