Nilivyopata nafasi ya ubingwa wa ngozi Marekani baada ya kukosa mara ya kwanza

"Omba kila mahali, huwezi kujua riziki yako iko wapi." Ushauri huo nilipewa na kila aliyejiona mjuzi wa habari za residensi, yaani mafunzo ya udaktari bingwa, Marekani, na msimu wa kwanza niliufuata kama kasuku. Nikaomba programu za mafunzo ya ngozi zaidi ya mia. ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, hutoza ada nafuu kwa programu 30 za mwanzo, kisha kila inayozidi hapo bei inapanda karibu mara tatu. Akiba ikayeyuka kabla msimu haujachangamka. Nikaitwa usaili sehemu mbili. Machi matokeo yalipotoka, mikono mitupu.

Msimu wa pili niliomba chache kuliko mwanzo, nikapata. Alama za Step 2 CK, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, zilikuwa zilezile. (Tangu Januari 2022 Step 1, mtihani unaoitangulia, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo namba wanayoiona ni hiyo ya Step 2, hakikisha imetoka kabla programu hazijaanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba.) Mambo ya cheti cha ECFMG (cha waliosoma udaktari nje ya Marekani) na OET (mtihani wa Kiingereza) siyagusi, maana aliyefika hapa ameshayapitia.

Kilichobadilika zaidi ni ishara. Ngozi inakupa ishara 28: 3 za dhahabu na 25 za fedha. Ni njia ya kuiambia programu kwamba unaitaka kweli, na ukishaituma hairudi. Programu iliyofurikwa na maombi huanza kusoma ya wenye ishara, kwa hiyo yale maombi yangu mengine yote yalikuwa sadaka kwa ERAS. Tena dhahabu zangu 3 nilizitupa kwa majina makubwa, yale ambayo hata asiyejua tofauti ya ukurutu na mba ameyasikia. Nilikuwa kama mtu anayeposa kwa mfalme huku hata nauli ya kufikia ikulu ameazima.

Safari ya pili nilitengeneza jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa viza: programu inapokea wenye J-1 tu (viza ya mafunzo), inadhamini pia H-1B (viza ya kazi), au haipokei wa viza kabisa? Isiyopokea nilifuta bila huruma. H-1B ina sharti lake, lazima uwe umeshafaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni, basi usiitegemee kama hujafanya.

Safu ya pili ndiyo ninayojivunia. Programu nyingi huweka kwenye tovuti picha za wanafunzi wao wa sasa pamoja na vyuo walivyosoma. Mafunzo ya ngozi yenyewe ni miaka 3, kwa hiyo hapo unaona madarasa matatu kwa mpigo. Nilihesabu waliosoma udaktari nje ya Marekani na Kanada. Kama hakuna hata mmoja, programu hiyo ilipata ishara ya fedha au haikupata kitu, dhahabu haikuigusa. Kama yupo, nilitafuta machapisho yake PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, nione alikuwa wapi kabla ya kuingia. Mara kwa mara jibu lilikuwa moja: mwaka mmoja au miwili ya utafiti katika idara ileile au ya jirani. Mlango wa watu wa nje uko upande huo. Nisidanganye, nami kati ya msimu na msimu nilifanya utafiti mwaka mzima, na barua ya mapendekezo yenye nguvu kuliko zote ilitoka huko. Lakini ukiwa na barua nzuri na ishara zilizotupwa ovyo, barua haisomwi.

Safu ya tatu: nafasi inaanzia mwaka gani? Hapa watu wanaumia. Nafasi nyingi za ngozi huanzia mwaka wa pili wa mafunzo. Mwaka wa kwanza, wa intani, unautafuta mwenyewe: tiba ya ndani, upasuaji, au mwaka wa mpito unaokuzungusha idara mbalimbali. Vyote unaviomba msimu mmoja. Aliyepata Machi 2025 alianza intani Julai 2025, na ngozi Julai 2026.

Msimu wa kwanza niliomba intani sita tu, dakika za majeruhi, kwa insha ileile ya kujieleza niliyoiandikia ngozi. Hebu fikiria mkuu wa tiba ya ndani anayetafuta mtu wa kukesha wodini, anasoma ukurasa mzima wa mahaba yangu na soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Hata mmoja hakunijibu, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo: insha mbili. Jina unaloipa insha ndani ya ERAS programu hailioni, basi nikaziita NGOZI na INTANI kwa herufi kubwa ili nisichanganye. Iandike kwenye faili lisilo na mapambo. Ukinakili kutoka Word, alama za nukuu zilizopinda zinaweza kugeuka alama za kuuliza. Barua mwisho 4 kwa kila programu: ngozi nilipeleka 3 za madaktari wa ngozi na 1 ya tiba ya ndani, intani nikapeleka mbili mbili. Fomu kuu ukishaituma, shughuli na machapisho hayabadiliki tena. Shughuli ni 10 tu, 3 kati yake unazipa uzito wa pekee. Na makala uliyoituma kwenye jarida bado haijakubaliwa, iandike hivyohivyo, wanakagua.

Usaili mwingi ulikuwa kwa video. Wakikuonyesha picha usikimbilie jina la ugonjwa. Sema kwanza unachokiona, kama ni doa bapa, kipele, bamba au lengelenge, kisha mpangilio wake, kisha kilipoenea mwilini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana zambarau, kahawia au kijivu, na anayeusubiri wekundu wa vitabuni ataukosa. Hapo nilijikuta nafundisha badala ya kusailiwa.

Baada ya usaili unapanga orodha ya programu unazozitaka kwa NRMP, shirika ambalo kompyuta yake huwaoanisha waombaji na programu. Orodha kuu unapanga programu za ngozi. Kila inayoanzia mwaka wa pili unaiambatanishia orodha ya nyongeza yenye nafasi za intani, na kompyuta huitazama nyongeza hiyo pale tu unapokuwa umepata ngozi hapo. Ukiisahau, unaweza kupata ngozi bila mwaka wa kwanza, ukaanza kuhangaika na nafasi zilizobaki. Nyongeza inaweza kutofautiana kwa kila programu, basi kila moja niliwekea intani za mji uleule juu ili nisihame mara mbili. Halafu mkiani mwa orodha kuu, chini ya ngozi zote, nikaongeza intani zenyewe. Hizo zinakuokoa ngozi ikikukataa kabisa: unapata mwaka wa kazi hospitalini na barua mpya.

Kuna waliosisitiza niweke juu "programu zenye uhakika". Si kweli. Hesabu huanza na matakwa ya mwombaji, kwa hiyo kuiweka juu unayoitaka hakukupunguzii nafasi kwa zilizo chini.

Kila ukihariri orodha ithibitishe upya, kabla ya saa 3 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani siku ya mwisho. Mimi niliithibitisha mara tano, ya mwisho kwa woga tu.

Wiki ya matokeo, Jumatatu unaambiwa umepata au hukupata. Ijumaa ndipo unajua ni wapi. Yangu ilikuwa dhahabu ya pili, na intani ikawa ileile niliyoiweka juu ya nyongeza yake, vituo viwili vya basi kutoka idara ya ngozi.