Fizi zilianza kutoka damu baada ya kuacha sigara

Wiki ya pili bila sigara, brashi ilianza kutoka na damu. Hapa ndipo watu wengi hurudi nyuma: mtu anajiambia kwamba alipokuwa akivuta fizi zake zilikuwa nzima, basi afadhali sigara. Ukweli ni kinyume chake. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ikiwemo ile ya fizi. Fizi ya mvutaji hupauka na kukakamaa, na mara nyingi haitoki damu hata pale ambapo ugonjwa unakula mfupa unaoshikilia jino. Ukiacha, damu inarudi kupita inavyopaswa, na ugonjwa uliokuwa umefichwa unajitokeza. Damu ile ni taarifa iliyochelewa kufika.

Kwa hiyo damu peke yake sikuitumia kama kipimo. Nilitumia namba. Daktari wa meno ana kijiti chembamba chenye alama za milimita, anakipitisha taratibu kati ya jino na fizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 kwenda juu fizi imeachana na jino na kufanya mfuko, na brashi haifiki chini yake. Omba daktari akuandikie namba za kila jino, maana neno "fizi zako si mbaya sana" halikusaidii kulinganisha. Ugaga, yaani utando wa meno uliogeuka mgumu kama jiwe, uliojificha chini ya fizi huondolewa kwa vifaa, mara nyingi kwa ganzi, kisha vipimo hurudiwa baada ya takriban miezi 3. Anayeendelea kuvuta hupona pole pole na kwa kiasi kidogo, hata akisafishwa na fundi yule yule kwa vifaa vile vile.

Nyumbani kazi ni ya kuchosha lakini si ngumu. Brashi laini, nyuzi zake zimelazwa nusu kuelekea mpaka wa jino na fizi, dakika 2, mara 2 kwa siku. Dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,350 hadi 1,500. Tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kinywani. Katikati ya meno natumia vibrashi vidogo vya waya. Saizi sahihi ni ile inayoingia kwa ukinzani kidogo, waya usikwaruze. Ikipita bila kugusa popote ni ndogo mno na haisafishi kitu. Kosa kubwa ni kuiruka sehemu inayotoka damu. Utando wa bakteria unabaki palepale, na damu haikatiki. Ukisafisha kila siku, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, huenda kuna ugaga, na huo hautoki kwa brashi hata usugue mpaka mkono uchoke.

Kuna dawa mbili ambazo watu hukimbilia. Unga wa mkaa na dawa za kung'arisha zilizo na chenga hukwangua, na mizizi iliyoachwa wazi na fizi iliyoshuka ni laini kuliko sehemu ya juu ya jino. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inafanya kazi kweli, lakini ikitumiwa kwa wiki kadhaa huacha madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi, basi mtu anadhani ni ya sigara. Naitumia tu kwa muda daktari aliosema.

Jambo la pili linalowatisha wanaoacha ni vidonda vidogo mdomoni. Moshi huifanya ngozi ya ndani ya kinywa iwe nene na ngumu zaidi, na ukiacha unene huo hupungua, hivyo baadhi ya watu hupata vidonda wiki za mwanzo. Vya aina hii ni vya mviringo, katikati vina rangi ya njano au nyeupe, ukingo mwekundu, vinauma sana, na hupotea ndani ya siku 7 hadi 14. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu. Kidonda kina kingo zilizoinuka au kugumu, na hakiondoki. Kidonda kikitokea, naandika tarehe kwenye kalenda. Siku ya 14 kikiwa bado kipo, napanga miadi na daktari. Kama kuna jino lenye ncha au meno ya bandia yanayokwaruza pale pale, hiyo sababu iondolewe kwanza, lakini kidonda kiangaliwe tena baada ya wiki 2. Maumivu yasiwe ndiyo kigezo cha kwenda au kutokwenda.

Mara moja kwa mwezi najikagua, dakika 3 zinatosha. Kioo, tochi yenye mwanga mweupe, kipande safi cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), na mikono iliyonawiwa. Mwenye meno ya bandia ayatoe. Naanza na midomo, hasa wa chini, naugeuza nje. Kisha fizi, halafu ndani ya mashavu kwa kuyavuta pembeni. Nainua kichwa nitazame kaakaa. Kwa wavutaji, hasa wa kiko, kaakaa linaweza kuwa jeupe lenye vinukta vyekundu kwa sababu ya joto la moshi. Ulimi unahitaji subira kuliko sehemu nyingine: naushika ncha kwa gozi, nauvuta upande mmoja nione ubavu wake mpaka nyuma, kisha upande wa pili. Halafu ncha naigusisha juu nitazame sakafu ya kinywa, na kupapasa kwa kidole. Ubavu wa ulimi na sakafu ndipo saratani ya kinywa inapopenda kuanzia, na ndipo watu wasipotazama kwa kuwa kioo cha kawaida hakifiki. Mwisho napapasa shingo na chini ya taya pande zote mbili. Tezi ngumu, isiyouma, isiyosogea, haingojewi.

Doa jeupe nalifuta kwa gozi. Likitoka, huenda ni fangasi. Lisipotoka, laenda kwa daktari. Doa jekundu lisilo na sababu lina hatari zaidi kuliko jeupe, ingawa jeupe ndilo linalowatia watu hofu. Napiga picha kwa mwanga ule ule kila mwezi. Kumbukumbu ya macho hudanganya, doa lililokua kidogo kidogo huonekana kama lilikuwa hivyo siku zote.

Sasa sigara ya kielektroniki, au vepu, niliyoitumia kama daraja. Haina lami wala moshi wa kitu kilichoungua, na sumu zake za kusababisha saratani ni chache sana kuliko za sigara. Hilo halimaanishi ni mvuke wa maji. Kimiminika chake ni propilini glaikoli na gliserini, ambazo huvuta maji, kwa hiyo kinywa hukauka. Mate ndiyo yanayozimua asidi, yakipungua meno huoza, hasa karibu na fizi. Ladha tamu inaongeza tatizo. Utambi, yaani pamba inayofyonza kimiminika hicho, ukikauka au moto ukizidi, ladha ya kuungua inayotokea ni dalili ya kemikali kama fomaldehidi na akrolini: acha kuvuta papo hapo na ubadilishe utambi. Vifaa hivi vilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na saratani ya kinywa huchukua miaka mingi kujitokeza. Mtu anayekuambia kwa uhakika kwamba ni salama anatangulia ushahidi. Kwa asiyevuta, sioni sababu yoyote ya kuanza.

Kosa la kwanza la daraja hili ni kuvuta vyote viwili. Meno na fizi hazikupi punguzo. La pili ni kushusha nguvu ya nikotini bila kupima kiasi. Mililita 2 kwa siku, zenye miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ni miligramu 40. Mtu akishuka hadi 6 halafu akatumia mililita 7, anafika 42, amezidi alipotoka. Kwa hiyo niliandika mililita, si namba ya kwenye chupa tu.

Nilipoacha vepu nilihamia chingamu ya nikotini. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 za kuamka huanza na ya miligramu 4, wengine 2. Haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Tafuna taratibu hadi ladha ya pilipili itokee, iweke kati ya shavu na fizi, ladha ikipotea tafuna tena, kwa takriban dakika 30, na kila mara ubadilishe upande. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla, wala wakati wa kutafuna. Kahawa na vinywaji vyenye asidi huzuia nikotini kupenya. Ukiitafuna haraka utaimeza nikotini, upate kwikwi na kiungulia, halafu useme chingamu haifanyi kazi.

Pombe niliipunguza wakati huo huo, kwa kuwa pombe na tumbaku pamoja huzidisha hatari ya saratani ya kinywa kuliko jumla ya kila moja peke yake. Kuhamia tumbaku ya kutafuna au ugoro si njia ya kutokea. Nayo husababisha saratani ya kinywa, hapo hapo inapokaa. Baada ya kuacha, hatari hupungua kama nusu ndani ya miaka 5 hadi 10, kwa hiyo ukaguzi wa kila mwezi unaendelea.

Kwa daktari, nenda na hesabu: idadi ya sigara kwa siku, gawanya kwa 20, zidisha kwa miaka. Sigara 10 kwa miaka 20 ni sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 10. Taja na pombe. Doa likitiliwa shaka, sehemu hutiwa ganzi na kipande kidogo hukatwa kwenda maabara, na pengine jeraha hushonwa kwa nyuzi moja au mbili. Siku hiyo usisukutue kwa nguvu. Kuanzia kesho yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu baada ya kula, na moshi au mvuke wa aina yoyote uwe mbali na jeraha mpaka lifunge.