Ndani ya inchi 6: jinsi tulivyomaliza ubishi wa kanuni mezani kwetu

Jumapili mchana, hapa Kirumba, Mwanza, tunalaza plaiwudi juu ya meza mbili na kupanga mchezo wa mezani wa vita ya Bukoba ya Juni 1915, pale Waingereza walipovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu wakawashambulia Wajerumani na kuharibu mtambo wao wa simu ya upepo. Askari wetu ni wa udongo, kila mmoja amegandishwa juu ya kizibo cha soda. Vilima ni mawe halisi ya ufukweni, na Mwanza mawe hayatafutwi. Kanuni za mchezo ni za bure, tulizishusha mtandaoni kwa Kiingereza, nami nikazitafsiri.

Sentensi moja ilitutesa mwezi mzima: "Kamanda huongeza ari ya kikosi kilicho ndani ya inchi 6."

Kikosi cha vizibo 8 kilikuwa kinarudi nyuma kuelekea majini. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani: vizibo 3 vimefikiwa, 5 viko nje. Mwenye kikosi, kijana anayeuza dagaa Mwaloni, akasema ari inapanda. Mpinzani wake, fundi pikipiki, akakataa katakata: ndani ni ndani, mtu aliyesimama barazani hajaingia nyumbani. Muuza dagaa akamjibu kwa hoja ambayo mpaka leo naiona nzito. Sangara hunasa kwa mashavu tu, mwili wote umebaki nje ya jicho la wavu, lakini hakuna mvuvi atakayesema samaki huyo hayumo wavuni.

Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili sahihi, na hapo ndipo nilipokwama.

Siku hiyo tulirusha dadu ili mchezo uendelee. Dadu huokoa jioni, ila ubishi ulirudi wiki iliyofuata ukiwa mkali zaidi, maana sasa kila mmoja alikumbuka nani alipoteza. Nikajaribu kuwa mwamuzi mwenye neno la mwisho. Michezo hii ilianza hivyo: maofisa wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, walipopewa mchezo wa vita wa mwenzao Reisswitz mwaka 1824, alikuwepo mwamuzi, na mwaka 1876 ofisa mwingine wao, Verdy du Vernois, akapendekeza mwamuzi aamue kwa uzoefu wake badala ya kufungwa na majedwali. Lakini mwamuzi wao hakuwa na jeshi mezani. Mimi nilikuwa nalo, na kila uamuzi wangu ulitazamwa kwa jicho la pembeni. Walikuwa na haki.

Jirani na kwetu kuna kijiwe cha drafti. Nikaiandika ile sentensi kwenye karatasi, bila kutaja nani ananufaika, nikampelekea mzee mmoja pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Akaisoma mara mbili. Hakuniambia maana yake. Aliniuliza, "Neno hili mmelitumia wapi tena?"

Nilirudi kwenye daftari nikakuta "ndani ya" mara 11. Nikafungua Kiingereza chake, mstari kwa mstari, moyo ukanipiga. Waandishi wa kanuni zile walikuwa wametumia maneno mawili tofauti. Penye within, yatosha sehemu yoyote ya kikosi ifikiwe. Penye wholly within, kila askari lazima awemo mzima, hakuna kinachobaki nje. Mimi nilikuwa nimeyafunika yote mawili kwa "ndani ya". Sentensi ya kamanda ilikuwa ya aina ya kwanza. Ya kujificha kichakani ilikuwa ya pili. Muuza dagaa alikuwa sahihi kuhusu kamanda, na fundi angekuwa sahihi kuhusu kichaka.

Niliwaomba radhi wote wawili kabla hatujapanga askari. Kisha nikaandika upya: "kikosi kilichofikiwa na inchi 6" na "kikosi kilichoingia chote". Tukaongeza kwamba kipimo huanzia ukingo wa kizibo, si mkono wa askari unaoning'inia. Tangu hapo, neno likileta ubishi tunarusha dadu, tunacheza mpaka mwisho, halafu swali linaandikwa daftarini na kujadiliwa Jumapili inayofuata, kabla mtu hajajua atashika upande gani. Uamuzi haurudi nyuma kubadili mchezo uliokwisha. Hilo la mwisho fundi ndiye aliyelidai, na nadhani ndilo lililotuliza meza kuliko yote.

Kwa sasa daftarini limebaki swali moja. Mtumbwi uliovutwa mchangani: ni chombo bado, au umeshakuwa kificho? Muuza dagaa ana jibu lake tayari. Tumemwomba alitunze mpaka Jumapili.