Nani mwenye /usr/local?

Jioni hii kwenye Linux yangu nimeandika echo $PATH, ile orodha ya folda ambazo mashine inatafutia programu, nikabaki naitazama tu. ~/.cargo/bin, ~/go/bin, ~/.local/bin, /home/linuxbrew/.linuxbrew/bin, /usr/local/bin, /usr/bin, /snap/bin, jamani, hii ni nyumba ya wapangaji na kila mmoja kaja na kufuli lake. Nikapiga type -a node nione kila node (programu ya kuendeshea JavaScript) iliyomo humo, zikatoka node tatu za matoleo tofauti, na inayofanya kazi ni ile tu iliyotangulia kwenye mstari.

Kwenye maandishi mambo yako wazi. FHS, ule mwongozo wa kupanga mafaili ambao toleo lake la 3.0 lilitoka 2015, unasema /usr ni ya distro (Linux uliyosakinisha, mfano Debian), /usr/local ni ya msimamizi wa mashine anayeweka vitu mwenyewe na mfumo ukiapdetiwa hazitakiwi kuguswa, /opt ni ya programu za ziada zinazojitegemea. Apt na dnf, wasakinishaji wa distro zenyewe, hawana tatizo hapo. Kazi ipo kwa hawa wasakinishaji wa lugha za programu, pip wa Python, npm wa JavaScript, cargo wa Rust, maana wao si distro na wala si mimi ninayekompaili (kugeuza kodi kuwa programu) kwa mkono, sasa wakae wapi?

Debian kwa pip waliamua hivi: ukimwita kama ruti (root, mwenye mamlaka yote) anaweka vitu /usr/local/lib/python3.x/dist-packages, apt anabaki na /usr/lib/python3/dist-packages yake. Kwa juu juu unasema yameisha. Hayajaisha, kwa sababu Python ya mfumo ikitafuta maktaba inapitia ile ya /usr/local kwanza, kwa hiyo pip akiweka toleo jipya la maktaba ya requests kule, programu ya distro iliyozoea requests ya zamani inaibeba hiyo mpya bila habari na inaweza kuanguka hapo hapo, na ukikagua mafaili ya apt yote yako sawa, hakuna hata moja lililoguswa!! Na --user, ya kuweka vitu kwenye folda yako ya nyumbani, nayo haikuokoi, ~/.local/lib inapitiwa kabla ya zote mbili. Ndo maana ikaja PEP 668, kanuni ya Python inayoipa distro njia ya kumzuia pip, na toka Debian 12 ya 2023 ukipiga pip install nje ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) unapewa error: externally-managed-environment. Watu wanaichukia, wanabandika --break-system-packages ya kulazimisha kila mahali, mi naona ni bora uzuiwe mlangoni kuliko kuja kutafuta hitilafu baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba chombo kiandike pale tu ambapo kinaweza kufuta kila kitu chake bila kumgusa mwingine. Nix, msakinishaji mwingine, ndo kafika mbali zaidi, kila pakeji ina folda yake ndani ya /nix/store yenye hashi (alama ya kuitofautisha) kwenye jina, matoleo kumi yanakaa pamoja bila ugomvi. Ila diski inaliwa, na kwenye NixOS, distro iliyojengwa juu ya Nix, ukidaunlodi programu iliyokompailiwa kwa distro za kawaida mara nyingi haiwaki, inatafuta maktaba sehemu ambazo hazipo.

Kwa mashine ya mtu mmoja mi nataka mtindo wa pipx, msakinishaji wa programu za Python, kila programu na venv yake, kinachotokeza ~/.local/bin ni kiungo tu. (Seva ya watu wengi ni habari nyingine, huko nyumbani kwa mtu hakufai.) Cargo anakubali ukimpa --root ~/.local, japo anakuachia faili lake la kumbukumbu, .crates.toml, hapo katikati, sijui kwa nini hilo halikufichwa vizuri. Go nimemwekea GOBIN, npm nimembadilishia prefix (yote ni mipangilio ya wapi programu ziwekwe), PATH imepungua kiasi. Homebrew, msakinishaji mwingine tena, nimemwacha alipo, pakeji zake nyingi zilizokwisha kompailiwa zinategemea anwani ile ile ya /home/linuxbrew/.linuxbrew, ukimhamisha unaanza kukompaili mwenyewe na huo muda sina.