Siti ya dereva iliyonirudia mara mbili

Dereva mmoja wa Noah anayekwenda Dar na Dodoma alinirudishia siti baada ya wiki tatu tu. "Fundi, hili ni godoro la kulalia. Nikifika Morogoro miguu imekufa ganzi." Iliniuma, maana nilikuwa nimeijaza sponji laini ya inchi tano nikidhani nimempendelea.

Nikaitoa sponji, nikaiweka juu ya ubao, nikamwambia, "Kaka, ikalie," huku nimechomeka mkono chini yake, kiganja juu. Vijana wa kibanda jirani walicheka mpaka basi. Mifupa yake miwili ya makalio ilinibana vidole kwenye ubao kama vile hapakuwa na kitu katikati. Sponji ilikuwa imelala yote.

Kosa lilikuwa kwenye uzito. Ile yangu ilikuwa ya kilo 18 kwa mita ya ujazo, inafaa mto wa kuegemea kwenye kochi. Safari hii nilinunua ya 35, ghali kweli, nikaweka inchi tatu chini na inchi moja ya laini juu. Gundi nilipaka pande zote mbili, nikasubiri mpaka isigande kidoleni, ndipo nikagandisha. Nilipopitisha mkono tena, vidole vilipumua.

Ganzi nayo ilitoka kwenye ukingo wa mbele: ulikuwa mrefu, unakandamiza nyuma ya goti. Niliukata mshazari kwa kisu mpaka vidole vitatu vikapita kati ya siti na goti lake. Katikati nikashona kitambaa, reksini nikaiacha pembeni tu. Jua la Dar likiipiga, huwezi kuikalia.

Akarudi tena. Kivimbe nilichoweka kiunoni kilikuwa kinene, kinamsukuma kwenye usukani. Nikakipunguza kidogokidogo, yeye amekaa garini ameshika usukani, mpaka aliposema, "Hapo hapo, acha."

Ubavu wa kiegemeo sikuugusa. Una kile kilebo cha eabegi, yaani mfuko wa hewa unaovimba kumkinga mtu, na pale ukishona uzi mgumu juu yake, mfuko unaweza usifunguke vizuri siku ya ajali. Mteja alitaka rangi zifanane. Nikakataa, akanuna.

Wiki iliyofuata akanipigia akiwa Gairo. Siti hakuitaja. Aliuliza ya abiria wa mbele nitaifanya kwa shilingi ngapi, kwa sababu mkewe amechoka kusikia anavyojisifu.